Divai Nyeupe ya Dodoma na Safari ya Maneno Yake

Wanafunzi wetu wa Mvara, kama walivyo wengi wa Arua na Koboko, hulijua neno divai miaka mingi kabla ya kukiona kinywaji chenyewe. Hulisikia kanisani, hulisoma katika Biblia, na pengine hulikuta katika karatasi ya mtihani. Kinywaji wanachokijua kwa macho ni kwete ya nafaka, na kile kikali cha kutoneshwa kiitwacho nguli, ambacho wazazi huwakataza wasikisogelee. Kwa hiyo siku wanapokuta divai katika habari moja na mvinyo katika nyingine, huuliza swali ambalo si la kitoto: je, hivi ni vitu viwili, au ni kimoja chenye majina mawili? Mwalimu mwenye haraka hujibu kwamba ni kitu kimoja, akaendelea na somo lake. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo somo lilipokuwa linaanza. Katika kurasa hizi tungependa kuyafuata maneno hayo mpaka mahali ambapo leo Kiswahili na mzabibu vimekutana kweli, yaani Dodoma, na hasa kwenye divai yake nyeupe. Kisha tutazame mgeni anayekwenda huko kuionja anakuta nini.

Tuanze na ile Biblia iliyo mikononi mwa wanafunzi, tafsiri ya Union Version iliyotolewa mwaka 1952. Katika harusi ya Kana, Injili ya Yohana sura ya pili, kinywaji kilichowaishia wenyeji ni divai. Katika waraka kwa Waefeso, sura ya tano, pale waumini wanapoonywa wasilewe, kinywaji kinachotajwa ni mvinyo. Mwalimu akifungua maandiko ya Kiyunani atakuta kwamba sehemu zote mbili zina neno moja tu, oinos. Wafasiri hawakukosa neno. Walikuwa nayo mawili, wakachagua. Ile iliyobarikiwa harusini wakaiita divai, na ile ya ulevi wakaiita mvinyo. Hatusemi kwamba kanuni hii haivunjwi popote katika kitabu kizima, lakini mahali hapo pawili panatosha kumwonyesha mwanafunzi kwamba maneno yenye maana moja katika kamusi yanaweza kuwa na sifa tofauti kabisa katika masikio ya watu. Ni nani basi aliyeyapa sifa hizo?

Pwani ya Afrika ya Mashariki iliijua divai kabla ya kuwa na jina lake la sasa. Katika kile kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho Periplo ya Bahari ya Eritrea, ambacho wataalamu wengi hukiweka katika karne ya kwanza baada ya Kristo, imeandikwa kwamba wafanyabiashara waliokuja pwani hii, mpaka kwenye soko la Rhapta, walileta mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo. Mahali pengine walileta pia ngano na divai kidogo, wala si kwa kuuza, bali kwa ajili ya kujipatia urafiki wa wenyeji. Tafadhali, walimu wenzetu, tuitilie maanani habari hiyo. Divai iliingia nchini kwetu kama zawadi ya kulainisha mazungumzo ya biashara. Tutaikuta tena kazi hiyo mbele.

Wenyeji hawakuihitaji sana, maana walikuwa na tembo la mnazi. Na hata zabibu zenyewe walizijua kwa namna moja tu. Kwa Kiarabu zabibu mbichi ni inabu, na zabibu ni jina la zile zilizokaushwa. Kiswahili kilichukua hilo la pili, na sababu iko wazi: tunda bichi haliwezi kuvuka bahari katika jahazi kwa majuma mengi bila kuoza, bali lililokaushwa huvuka. Baadaye mtu wa pwani alipokutana na tunda bichi, alilipa jina lile lile alilokuwa nalo. Ndiyo maana leo tunalazimika kusema zabibu kavu, jambo ambalo kwa Mwarabu ni sawa na kusema makavu yaliyo makavu.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga Mombasa, kisha Malindi, na kuanzia hapo Wareno walikaa pwani hii kwa karibu miaka mia mbili. Ngome ya Yesu ya Mombasa walianza kuijenga mwaka 1593, na ikatekwa na Waomani mwaka 1698. Kwao ndiko tulikopata mvinyo, kutoka vinho. Lakini mvinyo haukuja peke yake. Pipa ni neno la Kireno, nalo kwao lilikuwa ndilo pipa la divai hasa. Kopo nalo ni chombo chao cha kunywea. Kwa maneno hayo matatu mtu aweza kuiona kabisa meza ya askari ngomeni (na meza yenyewe pia ni neno lao). Gereza limetokana na igreja, yaani kanisa. Jinsi kanisa lililokuwa ndani ya ngome lilivyogeuka katika midomo ya Waswahili kuwa ngome yenyewe, na hatimaye kuwa kifungo, ni hadithi inayostahili makala yake. Askari wa ngome hakupendwa, na kinywaji chake hakikuheshimiwa. Kamusi za zamani hulieleza neno mvinyo kwa upana, likihusisha vileo vya Kizungu kwa jumla, pamoja na vile vikali. Basi wafasiri wa Biblia walipotafuta neno la kumwonya mlevi, lilikuwa limekwisha kuandaliwa kwa muda mrefu.

Divai ni jambo jingine. Wataalamu hulitoa katika Kifaransa, du vin, na njia yake si ya kubahatisha. Mapadri Wafaransa walifika Unguja mwaka 1860, na mwaka 1868 Mapadri wa Roho Mtakatifu wakaanzisha misheni ya Bagamoyo. Kanisa Katoliki hudai kwamba divai ya Misa iwe imetokana na tunda la mzabibu, isiyochanganywa na kitu kigeni. Tembo la mnazi halikubaliki altareni, wala kwete. Kwa hiyo kila misheni iliyofunguliwa bara ilihitaji chupa zilizovuka bahari, zikabebwa vichwani mwa wapagazi. Neno la kinywaji hicho halikutoka ngomeni wala forodhani, lilitoka sakristiani, na ndiyo sababu lina heshima.

Heshima hiyo hiyo ndiyo iliyoupeleka mzabibu Dodoma. Mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1957, na mahali ni misheni ya Katoliki ya Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, katika nchi ya Wagogo. Mtu anayeijua Dodoma atashangaa. Nchi hiyo ni nyanda kavu zilizo mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari; mvua yake kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Wagogo ni wafugaji na wakulima wa uwele na mtama, na historia yao imejaa majina ya miaka ya njaa. Je, mzabibu ulifuata nini huko?

Hapa hapana budi tutoke Afrika kidogo. Divai nyeupe zinazosifiwa sana duniani nyingi hutoka nchi za baridi, na baadhi ya zilizo bora hutoka pwani za baridi. Mfano ulio karibu na habari yetu ni mpaka wa kaskazini wa Ureno, kwenye mto Minho, ambako hulimwa zabibu iitwayo Alvarinho. Ng'ambo ya pili, upande wa Galicia katika Hispania, zabibu hiyo huitwa Albariño, na eneo lake, Rías Baixas, lilipewa hadhi ya jina lililolindwa mwaka 1988. Huko upepo wa Atlantiki huleta mvua ya milimita 1,600 hivi kwa mwaka. Mizabibu hutambazwa juu ya chanja zilizoegemezwa kwenye nguzo za mawe, ili hewa ipite chini yake na ukungu usiozeshe vichala. Tunda likiiva polepole katika ubaridi hubaki na uchachu wake, na uchachu ndio uti wa mgongo wa divai nyeupe. Katika joto kali uchachu huungua mapema huku sukari ikizidi kupanda, na kinywaji huwa kizito na kilichopooza.

Kwa kipimo hicho Dodoma ingepaswa kushindwa. Haikushindwa, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni mwinuko: katika Juni na Julai usiku wa Dodoma ni wa baridi hasa, na mgeni kutoka Dar es Salaam hutafuta sweta. Ya pili ni aina ya mzabibu yenyewe. Zabibu nyeupe inayolimwa zaidi Dodoma wakulima huiita Makutupora nyeupe, kwa jina la kituo cha utafiti kilichoko kaskazini ya mji, nayo ni ile ijulikanayo duniani kwa jina la Chenin Blanc. Asili yake ni bonde la mto Loire huko Ufaransa, na sifa yake kubwa ni kuushika uchachu hata jua linapokuwa kali. Huenda pasingepatikana mche ufaao zaidi.

Tena Dodoma ina jambo ambalo Ulaya haina. Huko, majira ya baridi huulaza mzabibu, nao huzaa mara moja kwa mwaka. Hapa kwetu hakuna kipupwe cha kuulaza, kwa hiyo ni mkulima anayeuamuru kwa kisu cha kupogolea. Akisha kuvuna huuacha upumzike, huupogoa, machipukizi hutoka, na baada ya miezi minne hivi vichala huwa tayari. Huvuna mara mbili: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mavuno ya kwanza huandamwa na mvua na maradhi ya ukungu. Ya pili huivia katika ukavu na usiku wa baridi, na hayo ndiyo yanayopendelewa na watengenezaji.

Kuitengeneza divai nyeupe ni kazi ya haraka na ubaridi. Ile nyekundu huchachushwa pamoja na maganda, ambayo huipa rangi. Nyeupe hukamuliwa mara moja, maganda yakatengwa, na maji yake yakachachuka peke yake katika matangi yaliyopozwa. Yakiachwa yapate joto, chachu hukimbia mbio na harufu nzuri hupotea hewani. Kwa hiyo vichala hukatwa alfajiri, na lori likichelewa jua likapanda, hasara imekwisha kuingia. (Na iitwapo nyeupe, tusimdanganye mwanafunzi: rangi yake ni ya nyasi kavu. Tumkumbushe pia upatanisho, divai nyeupe lakini mvinyo mweupe.)

Chenin Blanc ina ndugu katika bara hili, na habari zake hazipendezi zote. Huko Rasi ya Tumaini Jema, ambako mkondo wa baridi wa Benguela huipoza pwani ya magharibi, divai ya kwanza ilikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, na Jan van Riebeeck, mkuu wa kituo cha Waholanzi, aliiandika siku hiyo katika shajara yake. Kwa miaka mingi wakulima wa huko waliilima Chenin Blanc kwa jina la Steen, na katika miaka ya 1960 tu ndipo ilipothibitishwa kwamba ni zabibu ile ile ya Loire. Lakini waliochimba mashimo ya mizabibu ya Rasi walikuwa watumwa, walioletwa kutoka Asia, Madagaska, Msumbiji na sehemu nyingine za pwani ya Bahari ya Hindi. Utumwa ulifutwa huko mwaka 1834, ingawa watu waliendelea kufungwa kwa wenye mashamba hadi 1838. Hata baada ya hapo, wafanyakazi wa mashamba waliendelea kulipwa sehemu ya ujira wao kwa divai hafifu, kikombe baada ya kikombe tangu asubuhi, desturi iliyoharibu koo nyingi na kudumu hata baada ya sheria kuikataza. Tunaitaja habari hii kwa sababu Rasi ndiyo inayotolewa mfano kila yanapozungumzwa mashamba ya mizabibu na wageni wake. Mwaka 1971 wakulima wa Stellenbosch walifungua njia ya divai, wageni wakapita shamba hadi shamba, wakionja na kununua. Mashamba ni mazuri mno, na majengo ni meupe. Mgeni mwenye haraka hatauliza ni nani aliyeyapaka chokaa.

Dodoma haikuanza hivyo, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo fahari yake. Kutoka misheni mzabibu ulihamia mashambani kwa wakulima wadogo, na husimuliwa pia jinsi gereza la Isanga lilivyokuwa na mizabibu yake. (Kutoka igreja hadi gereza, neno na mmea vimepita njia moja.) Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ililichukua zao hili kama sehemu ya maendeleo ya mkoa. Mwaka 1973 Dodoma ikachaguliwa kuwa makao makuu ya nchi, na ikaonekana jambo la fahari kwamba mji mkuu mpya uwe na divai yake. Shirika la umma la DOWICO liliikamua na kuitia chupani, na wapo wazee hata hapa Uganda wanaoikumbuka chupa hiyo ya Dodoma. Shirika hilo halikudumu. Lilipoanguka, wakulima wengi waliachwa na mizabibu isiyo na mnunuzi, na wengine waliing'oa.

Uhai ulirudi kwa makampuni binafsi. Kule Hombolo, katika miaka ya 2000, mwekezaji Mwitalia alianzisha kiwanda cha CETAWICO. Mjini Dodoma ikaja Alko Vintages. Na Tanzania Distilleries, watengenezaji wa Konyagi, nao wakaingia katika divai. Mashamba ya umwagiliaji wa matone yakafunguliwa Chinangali, wilaya ya Chamwino, kwa mikopo ya benki. Hata hivyo tatizo la zamani halikuondoka. Mara kwa mara, mavuno yanapokuwa makubwa, wakulima wa Hombolo na Mpunguzi hulalamika kwamba viwanda havina matangi ya kutosha na zabibu zinaozea shambani. Tena mtengenezaji anaweza kuona ni rahisi kuagiza mchuzi wa zabibu kutoka nje kuliko kungoja lori la kijijini. Kwa sababu hiyo sheria ya ushuru ya Tanzania ikaitofautisha divai yenye zabibu za nchini zaidi ya asilimia 75, ikaitoza kidogo kuliko nyingine. Tunaona hiyo ni busara. Lakini ushuru hauongezi tangi hata moja, na kichala kilichokatwa hakiwezi kuhifadhiwa ghalani kama mtama.

Ndipo linapokuja suala la wageni. Serikali ilihamia Dodoma kwa dhati kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Wabunge, mabalozi na wajumbe wa mikutano sasa hulala humo kila juma. Watu hawa wanaweza kupelekwa kuona mizabibu, na wapo wanaoitaka safari hiyo iwe ya kudumu kama ile ya Rasi au ya Galicia. Katika mji wa Cambados, Galicia, sikukuu ya Albariño imefanywa kila Agosti tangu mwaka 1953, na wenye mashamba madogo huuza chupa zao wenyewe barabarani. Huo tunauona mfano mwema kuliko wa Rasi, kwa kuwa pale mkulima ndiye mwenyeji. Dodoma inao maelfu ya wakulima wadogo, na mgeni akionyeshwa kiwanda tu, akapewa glasi na kurudishwa hotelini, divai itakuwa imefanya kazi ile ile iliyofanya Rhapta, ya kulainisha mazungumzo ya wakubwa. Akipelekwa shambani kwa mkulima, akaona kisu cha kupogolea na bei iliyoandikwa daftarini, atakuwa ameona habari nzima. Tanzania haiko peke yake. Naivasha huko Kenya, penye mwinuko na ubaridi zaidi, pia hutoa divai nyeupe iitwayo Leleshwa, kwa jina la kichaka cha Bonde la Ufa. Jina hilo limechaguliwa vizuri.

Na majina ndiyo kazi yetu. Chupa nyingi za Dodoma zimeandikwa Kiingereza, hata neno nyeupe, ilhali zinakamuliwa katika nchi ambayo bunge lake hujadili kwa Kiswahili. Sisi wa Nile Magharibi tuna sababu ya kulifikiria jambo hili. Mwaka 1965 Uganda ilitunga sheria ya nguli, ikataka mwenye kuitonesha awe na leseni, na katika mwaka huo huo chupa ya kiwandani ikatoka kwa jina la Uganda Waragi. Waragi ni neno la askari, Kiingereza kilichotafunwa vizuri mpaka kikawa chetu, na leo linajulikana mbali. Mama anayetonesha nguli kijijini hakuingia katika jina hilo wala katika faida yake. Mkulima wa Hombolo bado hajafikia hapo. Jina la Dodoma bado ni la mahali pake.

Kwa darasa, zao hili lina msamiati ambao vitabu vyetu vinauacha. Mzabibu, kichala, kupogoa, kukamua, chachu, na lile neno ambalo wanafunzi hulijua kwa maana moja tu: shinikizo. Mtoto wa leo akilisikia hufikiria damu ya babu yake, au vyama vya siasa. Katika Biblia ile ile ya 1952, shinikizo ni chombo cha kukamulia zabibu, penye miguu ya watu na maji mekundu. Mwalimu akilieleza hivyo, shinikizo la damu huacha kuwa tafsiri ya hospitalini na kuwa picha.

Mavuno ya pili ya Dodoma huangukia Agosti na Septemba, wakati ambapo shule za Uganda huwa katika likizo ya muhula wa pili. Mwalimu mwenye nauli anaweza kuteremka kutoka Kampala hadi Bukoba, avuke au aizunguke ziwa mpaka Mwanza, kisha ashike basi la Shinyanga na Singida. Aondoke na daftari la maneno, na akifika aulize kwanza walikoanza kukata vichala alfajiri hiyo.